Bibi Mwantumu wa Kitengo cha Ridhaa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kampuni ililisajili kuwa alama yake ya biashara, na sisi raia tunaruhusiwa kulitamka siku ya sikukuu ya taifa tu, tena kwa kuimba. Siku nyingine tunasema "hapa kwetu", na tunaelewana.

Kampuni yenyewe inaitwa Sote. Ilianza kwa kututengenezea simu, ikaja benki, zikaja barabara na mbegu za mahindi, na mwisho ikaichukua Serikali, kwa huruma tu, maana Serikali ilikuwa haina pa kukaa. Sasa imepewa vyumba vizuri nyuma ya jengo la Sote, karibu na jiko, na mawaziri wanakula chakula cha mchana kama watu wengine.

Kufanya kazi Sote ni dua ya kila mzazi. Wenye digrii wanajipanga nje ya geti na vyeti vyao kwenye bahasha za nailoni, jua lao, mvua yao. Mimi shule niliishia darasa la tano, bibi yangu alipoanza kupoteza macho na kukosa wa kumshika mkono kwenda shambani. Tena ni mwoga wa watu. Nikiulizwa jina naangalia vidole vyangu vya miguu. Jirani yetu, mama Tausi, ndiye aliyenijazia maombi kwenye simu yake, akisubiri maharage yaive, na nadhani alifanya kwa mzaha.

Nikaitwa kwenye usaili. Nilikuta vijana wamekalia mipira mikubwa badala ya viti, wanadundadunda taratibu. Waliniuliza mambo mengi na mimi nikaitikia kwa kichwa. Mwishowe aliyekaa katikati akasema, "Una swali lolote kuhusu kampuni?"

Nilikuwa nalo. Nilitaka kujua kazi yenyewe ni ipi. Lakini nikaangalia vidole. Wakasubiri. Chai yao ikapoa, ikatanda utando wa maziwa.

Yule wa katikati akawageukia wenzake, akasema polepole kama mtu aliyeokota almasi kwenye mchele, "Huyu hajauliza."

"Wale wa digrii wote waliuliza," akasema mwenzake.

Nikapata kazi.

*

Niseme ukweli, Sote wanatutunza. Pilau ipo kila siku, matunda yamekatwa tayari, juisi ya ukwaju inatoka ukutani ukibonyeza. Kiti changu kinaujua mgongo wangu kuliko ninavyoujua mimi. Kuna chumba cha kulala mchana, chenye mito ya rangi, na anayeingia humo jina lake linasomwa kwenye vipaza sauti vya jengo zima ili tumpongeze kwa kupumzika. Tumepewa fulana zenye neno NAFURAHI kifuani. Za buluu tunavaa siku za kawaida, nyekundu tunavaa siku ambazo wenzetu wamefukuzwa.

Mabosi hakuna. Sisi ni ukoo mmoja. Mkuu wa wafanyakazi anaitwa Shangazi Leticia. Mhasibu ni Mjomba. Walinzi wa getini ni mashemeji, na ndiyo maana wakikupekua hutakiwi kukasirika, shemeji ana utani wake. Mwanzilishi wa kampuni anaitwa Babu, ingawa ndevu bado zinamwota kwa mafungu.

Mimi niliwekwa Kitengo cha Ridhaa. Kazi yetu ni hii. Sheria ya nchi inasema Sote haiwezi kumfanyia raia jambo lolote bila raia mwenyewe kukubali. Ni sheria nzuri, Sote waliiandika wenyewe. Tatizo ni kwamba raia ni wengi, na wengine wana tabia ya kusoma kabla ya kujibu. Kwa hiyo Sote ikaajiri raia wachache wa kuulizwa kwa niaba ya wengine wote, na hao ndio sisi.

Swali linatokea kwenye kompyuta. *Je, unakubali Sote isikilize mazungumzo ya jikoni mwako ili kuboresha mapishi ya taifa?* Chini kuna NAKUBALI na SIKUBALI, na katikati kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka. Kikimaliza mzunguko hujajibu, inahesabiwa umekubali. Babu alitueleza siku ya kwanza kwamba hii haikutoka ng'ambo, ni mila yetu. "Binti akiulizwa kuhusu posa," alisema, "akainamisha kichwa akanyamaza, wazee wanafanya nini? Wanapokea mahari. Sote haikubuni kitu. Sote iliinama tu ikaokota hekima iliyokuwa chini."

Tulipiga makofi. Binti wa posa, nilivyoona mimi kijijini, mara nyingi alikuwa ananyamaza kwa sababu analia. Lakini hilo sikulisema.

Jirani yangu wa meza alikuwa Msafiri, kijana mwembamba anayependa kuongea, na sijui alipitaje usaili.

"Dada Sikudhani," aliniambia siku moja, "ushawahi kubonyeza SIKUBALI?"

"Hapana."

"Mimi nilibonyeza, nione. Ikaniuliza, *Je, unakubali kulifuta jibu lako?* Nikabonyeza SIKUBALI tena, maana na mimi ni mbishi. Ikaniuliza, *Je, unakubali kwamba umechoka?* Sasa ile nimegeuka kuchukua sambusa, kigurudumu kimemaliza."

"Ikawaje?"

"Nikawa nimechoka rasmi. Wakanipeleka chumba cha mito, nikatangazwa jengo zima. Mpaka mawaziri walinipa pole."

*

Mama Tausi alinipigia asubuhi moja nikiwa kazini.

"Sikudhani, bibi yako si mzima. Uji anaurudisha. Amesema nikupigie, shika uongee naye."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula, bibi. Pilau kila siku."

"Alhamdulillahi. Mimi sili tena." Akapumzika kidogo, nikamsikia anavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. "Mjukuu wangu, njoo nikushike uso. Macho yameshakwenda, lakini mikono bado inaona. Nikifa hupo sitakulaumu. Ila njoo kwanza nikushike uso."

Hicho tu ndicho alichotaka. Na mimi tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine.

Nikapanda kwa Shangazi Leticia. Ofisini kwake hakuna viti, kuna mito mikubwa ambayo ukishazama huwezi kuinuka bila kuvutwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Naomba ruhusa. Bibi yangu anaumwa sana."

"Pole jamani. Ruhusa ya kuuguza ndugu ipo, tena ni ndefu, Sote hatuna uchoyo. Bibi yupi?"

"Bibi Mwantumu. Ndiye aliyenilea."

Akaandika jina, akasogeza miwani. "Simwoni kwenye ukoo."

"Yuko Kilindima."

"Mwanangu, ukoo ni huu. Kilindima ni ulikotoka tu. Hapa ninaye Babu, mzima wa afya, ameenda kuogelea. Bibi sina kabisa."

Najua mtakaloniuliza, kwa nini sikuondoka tu. Niliondoka. Nilikwenda stendi, nikasogeza uso kwenye mlango wa basi, maana mabasi yetu yanafunguliwa na uso wenye ruhusa. Sauti ya mwanamke mpole, ile ile ya kwenye lifti yetu, ikasema, "Sikudhani, leo ni siku ya kazi. Familia imekukumbuka." Mlango haukufunguka.

"Dada, toa uso hapo," akasema kondakta. "Wenzako wana ruhusa zao."

Kwa miguu nako hakuendeki. Kuna mto, na daraja lake nalo lina mlango wa uso. Nikarudi kazini. Getini shemeji akanipekua na kuniuliza kama nilikuwa nimemkimbia mume.

*

Shangazi Leticia hakukasirika. Alinipokea kwa juisi.

"Sikiliza. Tatizo lako ni dogo. Kama bibi hayumo kwenye ukoo, si tumwingize? Tumwajiri."

"Bibi yangu haoni, Shangazi. Hata kukaa hawezi."

"Sote haibagui."

Usaili ulifanywa kwa video, kwa simu ya mama Tausi. Wale vijana walikuwa kwenye mipira yao. Nami niliruhusiwa kusimama nyuma yao bila kusema, jambo ambalo nalimudu. Bibi alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa kanga, amekonda hadi meno yameonekana makubwa.

"Bibi Mwantumu, unajiona wapi miaka mitano ijayo?"

"Pale nyuma ya nyumba," akasema bibi, "ubavuni kwa mume wangu."

Wakatazamana. "Ana malengo," akasema mmoja.

"Tena ameshachagua mahali," akasema wa pili.

"Ukipata changamoto kazini, unafanyaje?"

Bibi akakohoa. Akakohoa hadi mama Tausi akamwinua na kumpigapiga mgongo.

"Anashirikiana vizuri na wenzake."

"Na mwisho, bibi, una swali lolote?"

Bibi alikuwa ameshasinzia. Wakasubiri. Mipira ikaacha kudunda. Nilimwona yule wa katikati akifuta jicho. "Ni kipaji cha damu," akasema.

Akaajiriwa Kitengo cha Ridhaa. Kesho yake kindege kisicho na rubani kikashuka uani Kilindima. Mama Tausi alisema kuku walijificha chini ya kinu na hawakutoka hadi magharibi. Kilileta simu ya kazi, kibao cha jua cha kuichajia, na fulana ya NAFURAHI. Bibi alikuwa anasikia baridi, mama Tausi akamvika. Simu ile inafunguliwa kwa dole gumba lake, na ikishafunguliwa haizimwi na mtu mwingine, ni mali ya kampuni.

Nikamrudia Shangazi, kwa mara ya kwanza nikiwa nimeinua kichwa.

"Sasa namwona," akasema. "Huyu hapa. Taa yake ya kijani, yuko kazini."

"Basi naomba ile ruhusa ya kuuguza ndugu."

"Kuuguza nani?"

"Bibi."

"Mwanangu, mgonjwa ni mtu ambaye kazi yake imeshuka. Ya bibi yako imepanda. Tangu aanze hajawahi kukataa hata swali moja, na hapumziki. Wewe mwenyewe hujamfikia. Wewe kigurudumu kikizunguka wakati mwingine unahema, mashine inakusikia."

Nikakiinamisha tena kichwa. Nadhani alinihurumia, kwa sababu alipunguza sauti.

"Akatae swali moja. Moja tu, alishikilie. Mashine itashtuka, itamwandika mgonjwa, na wewe utaondoka siku hiyo hiyo. Lakini sikukwambia mimi."

Nilikimbilia chooni kupiga simu. Mama Tausi akaelewa upesi, kuliko nilivyomweleza.

"Nimemshika dole," akasema. "Swali limetokea hili. Nilisome? Linasema, *Je, unakubali Sote iendelee kukuhesabu hata usipokuwepo?*"

"Mwambie akatae."

"Bi Mwantumu, mjukuu wako anasema ukatae."

"Nikatae nini?" Nikaisikia sauti ya bibi kwa mbali, imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Wanachouliza hawa watu wa kazini kwake."

"Mtu amekuletea nguo hadi mlangoni pako," akasema bibi, "halafu akikuuliza neno unamwambia sitaki? Mimi sikulelewa hivyo. Na Sikudhani sikumlea hivyo."

"Bibi," nikasema, "ukikataa, nitakuja. Utanishika uso."

Sijui kama alinisikia. Mama Tausi akasema, "Kigurudumu kimezunguka. Kimeisha." Kisha akasema, "Linakuja jingine. Bi Mwantumu? Kalala, mwanangu. Tumwache alale."

*

Simu ya msiba ilinikuta nimesimama na sahani ya pilau.

"Kaa chini," akasema mama Tausi.

"Nimekaa."

"Bibi ametangulia. Alfajiri. Alikutaja, akapapasa mkeka upande wa ukutani ulipokuwa ukilala, akanyamaza. Tumemzika adhuhuri, na joto hili hatukuweza kungoja. Tumemweka ubavuni kwa babu yako, kama alivyotaka."

Nikairudisha sahani mahali pake. Mtu nyuma yangu akaniuliza kama nitaila ile nyama.

"Ile simu yao iko dirishani," akaendelea mama Tausi. "Inawakawaka yenyewe. Hakuna anayethubutu kuigusa. Tulitaka kumzika na fulana yao mkononi, imamu akakataa."

Nilipanda kwa Shangazi kuomba ruhusa ya kwenda matangani. Sasa hata jina la bibi sikuhitaji kulitaja, akaligonga mwenyewe.

"Nani kakwambia amefariki?"

"Waliomzika."

Akanigeuzia kompyuta yake nione. Taa ya Bibi Mwantumu ilikuwa ya kijani. Maswali yalikuwa yanapita, na kila moja aliliruhusu, moja baada ya jingine, bila kuhema.

"Tangu alfajiri," akasema Shangazi kwa sauti ya heshima, "hata tetemeko la kidole halipo. Huyu mtu amepevuka kikazi. Mwanangu, najua kijana akizidiwa na mzee kazini roho inamuuma. Lakini kumzulia mwenzako kifo ni kosa. Leo sitaliandika."

Jioni nikamwambia Msafiri. Hakufanya mzaha wowote. Alivua fulana yake ya NAFURAHI, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena hivyo. Kesho yake sote tulivaa nyekundu, na kiti chake kilikuwa kinausubiri mgongo mwingine.

*

Bibi akawa Mfanyakazi Bora wa taifa. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi mkubwa. Picha yake ilitundikwa, ile waliyoikata kwenye video ya usaili, amefumba macho. Chini yake waliandika: ANAOTA MAKUBWA.

Babu akapanda jukwaani kwa viatu visivyo na kamba.

"Ndugu zangu," akasema, "kwa muda mrefu nimejiuliza, mfanyakazi wa kesho atakuwa mtu wa namna gani? Wataalamu wangu waliniambia atakuwa mashine. Nikawaambia hapana. Sote inaamini katika binadamu. Na leo nawaletea binadamu huyo. Bibi Mwantumu hajaomba likizo. Hajaomba maji. Hajawahi kusema kiti chake kigumu. Raia walioulizwa kupitia kwake wamekubali mambo ambayo sisi wenyewe tuliona aibu kuyauliza. Ametuonyesha kwamba binadamu, akitulia vya kutosha, hana mwisho."

Makofi yakapigwa hadi mawaziri wakatoka jikoni kuangalia.

Nikaitwa kupokea zawadi kwa niaba yake. Ilikuwa fulana nyingine. Kipaza sauti kikawekwa mbele yangu. Sijawahi kusema mbele ya watu hata salamu. Lakini niliitazama ile picha, na safari hii sikuangalia vidole.

"Bibi yangu amekufa," nikasema. "Yuko kaburini Kilindima. Alitaka kunishika uso, mkaninyima mlango."

Nilisikia sauti yangu ikienda hadi ukuta wa nyuma na kurudi.

Babu akanikumbatia. "Mmesikia?" akawaambia watu, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Mmesikia mjukuu anavyoongea? Hajawahi kufungua mdomo tangu aajiriwe. Hivi ndivyo Sote inavyowakuza watu."

Wakasimama wote kunipigia makofi. Niliyoyasema yalirekodiwa, na sasa wafanyakazi wapya wanaonyeshwa kama somo la kujiamini.

*

Baada ya sherehe bibi alipandishwa cheo. Akawa Mkuu wa Kitengo cha Ridhaa, yaani mkubwa wangu. Shangazi Leticia aliniita kunipa habari hiyo, akaniambia nina bahati, maana maombi ya ruhusa ya kitengo chetu sasa yataamuliwa na Mkuu mwenyewe.

"Si ulikuwa unataka kwenda Kilindima?"

"Ndiyo, Shangazi. Arobaini yake inakaribia. Nataka nikae tu pale kaburini."

"Basi mwandikie. Yeye si mtu wa makuu."

Nilikaa kwenye kiti changu nikaandika. *Shikamoo bibi. Ni mimi Sikudhani. Naomba ruhusa nije nikuone.* Nikatuma ombi, na kigurudumu kikaanza kuzunguka. Niliwaza ile simu dirishani, nyumba imefungwa, mkeka umekunjwa, jina langu linawaka pale juu na hakuna mtu. Kigurudumu kikamaliza. Nikasimama, nikachukua pochi yangu. Nilifika hadi mlango wa geti, nikasogeza uso.

Haukufunguka.

Nikarudi kwa Shangazi. "Mkuu amenyamaza," nikamwambia. "Kunyamaza si ndiyo kukubali?"

Akacheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. "Hiyo ni kwa walio chini, mwanangu. Aliye chini akinyamaza amekubali. Mkubwa akinyamaza amekataa. Siku zote imekuwa hivyo, kwani kwenu ilikuwaje?"

Nikarudi mezani kwangu. Kwenye kompyuta swali lilikuwa limeshafika. *Je, unakubali uamuzi wa mkuu wako?*

Niliweka kidole juu ya SIKUBALI. Nikafikiria swali litakalofuata, na litakalofuata hilo, na nikafikiria kwamba kwa kila moja nitakuwa namkatalia bibi, ambaye hakunilea kukataa. Nilikuwa bado nafikiria kigurudumu kilipomaliza.